Sanamu ya Mlinzi wa Magari

Sogea karibu nikueleze, maana jambo lenyewe ni dogo na linaweza kumpata mtu yeyote mwenye haraka. Linahusu neno moja la Kiswahili, ambalo watu wawili waliokaa cherehani kwa cherehani walilielewa kila mmoja kivyake.

Miaka ile nilikuwa nashona Yeoville, mtaa wa Johannesburg, duka moja na mama mmoja wa Bukavu, Kongo. Mimi natoka Tanga. Nilikuwa nakata vitambaa, yeye anatia vifungo na kukunja pindo. Mume wake alikuwa mlinzi wa magari, wale wenye kizibao cha njano wanaokuonyesha pa kuegesha. Alipolazwa kwa ugonjwa wa kifua, moto ulizuka katika jengo lao kule Bertrams, ukala chumba chao chote: vibali vyao vya ukimbizi, simu, bahasha ya picha. Wiki ya pili mume akafa. Tulimzika hukuhuku.

Kwao, ili kilio kiishe, mfano wa uso wa marehemu huwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe, na mama mzazi huuaga mbele ya watu. Bila uso, mama anabaki mkekani. Mama mkwe wake kule Bukavu alikuwa ametimiza mwezi wa tatu mkekani. Nyumbani kwake hakukuwa na picha hata moja. Vita vilipita na kabati zima. Kanisani kwao hapa Johannesburg ilikuwepo picha moja ya pamoja, lakini kofia ya mama mmoja wa kwaya ilikuwa imemmeza mwanamume yule hadi puani.

Basi Jumapili moja mchana akanigongea mlango, viatu mkononi.

"Papa, wamemuona! Sanamu yake iko kule mjini, katika ile nyumba kubwa ya sanaa. Uso wote, macho wazi! Leo ni siku ya mwisho, kesho wanaondoa vyote. Twende, wewe unajua Kiingereza."

Nilikumbuka kwamba marehemu aliwahi kujisifu dukani kwetu: mwanafunzi mmoja wa sanaa alimkalisha kitini Jumamosi nne mfululizo. Kumbe alikuwa akichongwa, nikajiambia. "Sawa, sawa, najua," nikamwambia, nikachukua simu yangu yenye kamera nzuri, tukapanda teksi.

Nyumba ile iko pembeni mwa bustani, mtaa mmoja na kelele za wauza mahindi. Saa tisa na nusu tulikuwa mlangoni. Nilimwambia askari kwa Kiingereza kwamba tunatafuta sanamu la mtu, lililochongwa.

"Eish, baba, ya kuchongwa yapo ukumbi wa mwisho na mengine uani," alisema. "Pita moja kwa moja. Tunafunga saa kumi na moja."

Njiani palikuwa na chumba cha picha za bahari, zilizoazimwa kutoka nyumba ya sanaa ya mkoa, katika mji mmoja wa pwani ya Italia. Mimi ni mtu wa pwani. Nilisimama. Nikaanza kumweleza mama yule jinsi unavyojua kwamba maji yanatoka na si kwamba yanaingia, kwa kutazama boti zimelalia upande gani. Alisikiliza kwa adabu. Nilieleza sana. Naona aibu kusema hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha tukaingia kwenye masanamu. Wanaume wa shaba, wanawake wa mawe, vichwa bila mabega. Nilisoma kila kibao, taratibu, nisije nikaruka. Yeye alinifuata nyuma akitazama nyuso. Mbele ya jitu moja la marumaru alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Huyu hana hata suruali, na wewe fundi unampita tu?"

"Hajaleta kitambaa," nikamjibu.

Tukatoka uani, tukazunguka, tukarudi ndani. Hapo ndipo akanishika mkono wa shati.

"Papa, mbona tunatazama watu wa mawe tu? Wangu ni wa karatasi."

"Wa karatasi vipi? Si ulisema sanamu?"

"Ndiyo, sanamu. Walimchora na makaa."

Nikaelewa. Kwetu sanamu ni kitu cha kuchonga au kufinyanga, unaweza kukizunguka. Kwao sanamu ni mfano wowote wa mtu, hata mstari ukutani.

"Ungesema picha, mama!"

"Picha ni ya kamera! Mimi nimesema sanamu. Wewe ukasema sawa, sawa, najua."

Ni kweli nilisema hivyo. Sisi wa Tanga tunadhani Kiswahili ni chetu na wengine wamekiazima.

Tulikimbia. Michoro ya wanafunzi ilikuwa ghorofa ya chini, chumba ambacho tungekiona kama tungepinda kulia pale mlangoni. Vijibao vilikuwa bado ukutani, kimoja kimeandikwa "Mlinzi wa magari", bila jina. Juu yake misumari miwili mitupu. Wafanyakazi wenye glavu nyeupe walikuwa wameanza kufungasha saa kumi, wamekwisha kushusha kila kitu, na fremu zimesimamishwa chini, kila moja imezungushiwa plastiki yenye malengelenge ya hewa, tabaka juu ya tabaka.

Nilimweleza msimamizi yote: moto, mkeka, mama mzee. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia kwa upole kwamba ile ni mali ya aliyeinunua, imekwisha kufungwa na kutiwa muhuri, inaondoka asubuhi, naye hana ruhusa ya kuifungua. Alituonyesha ilipo. Akaandika namba yangu.

Mama yule alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya plastiki na kuibonyeza polepole, kama anayepapasa nguo ndani ya mfuko. Weusi wa makaa ulisogea chini ya vidole vyake.

"Hili sikio," alisema. "Hili ni lake."

Nikapiga picha sita. Katika zote kuna kivuli cha kichwa, na mahali pa macho pana duara ndogondogo zenye mwanga wa taa.

Tulituma iliyo bora. Jioni ile sauti ya mama mkwe ilirudi kwenye simu yangu, nzito, bila hasira: "Binti yangu, asante. Lakini huyu uliyenitumia yuko ndani ya maji. Mimi simuoni." Hakukubali iwekwe mezani. Nilipiga simu kule kwenye nyumba ya sanaa kila wiki. Waliniandikia mara moja kwamba aliyeinunua amehama nchi na hajajibu. Mama mzee alifia mkekani kabla ya mvua.

Mkwewe aliendelea kutia vifungo kando yangu. Hakunilaumu hata siku moja. Neno lile hakulitumia tena mbele yangu; akitaka kusema mfano wa mtu, alisema "uso".

Kwa hiyo fanya hivi leo, kabla jua halijatua: mwite mtu wako, msimamishe mlangoni penye mwanga, avue kofia, atazame mbele. Mpige picha. Itengenezee nakala ya karatasi, andika jina lake kamili nyuma, kisha mpe ndugu anayelala nyumba nyingine aitunze.