Aliyeomba Mvua na Afunike Tofali

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilitugharimu nusu ya tofali za zahanati, mkeka mpya wa Bibi Eliza, na utulivu wa akili yangu mpaka leo. Nimepiga hesabu mara mbili. Sioni pa kupunguza.

Nilikuwa kijana wa Vugiri niliyeshuka tambarare za Handeni wakati wa vijiji vya ujamaa, nikapewa kusimamia wafyatua tofali. Tuliahidiwa bati na saruji, mradi kuta za zahanati zisimame kabla ya mwaka kwisha. La sivyo, vingepelekwa kijiji kingine, na wajawazito wetu wangeendelea kubebwa kwa machela hadi Korogwe.

Jumapili moja mwinjilisti wetu akafundisha kwamba Bwana Yesu alishika randa miaka mingi kuliko aliyohubiri, kwa hiyo hakuna kazi halali isiyofaa kuombewa. Akataka kila mwenye kazi aseme tumwombee nini. Wakulima wakasimama: mvua, mbegu zinaungua ardhini. Nikasimama mimi: jua, tofali zangu zikauke nizipange tanurini. Mwamba ngozi huvutia kwake. Watu wakaguna, nami nikajaribu kupatana, ndiyo tabia yangu:

"Basi mvua inyeshe mashambani, uwanja wa tofali iuruke."

"We kijana," akasema Bibi Eliza, mjane mkulima aliyekaa benchi la mbele, "unapatana na Mungu kama unanunua kuku?"

Kanisa zima likacheka. Mwinjilisti, maskini, akaomba vyote viwili kwa pumzi moja, akawahi kusema amina.

Jumanne alasiri mvua ikashuka. Nilisimama uwanjani nikitazama tofali zinarudi kuwa udongo, nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Mungu? Wakulima? Mwinjilisti na pumzi yake moja? Mara namwona Bibi Eliza anakuja mbio kwa miguu yake mibovu, mkeka wake mpya wa kulalia kichwani.

"Umesimama kama mlingoti wa bendera! Shika huku!"

"Bibi, si wewe uliyeomba mvua?"

"Ndiyo maana nimekuja. Aliyeomba mvua ndiye afunike. Ulidhani nitamwachia Mungu kazi zote mbili?"

Nyuma yake wakafika wakulima wengine na mafungu ya nyasi za kuezekea, na Mzee Sefu, jirani yetu Mwislamu, anaburuta mlango wa banda lake la mbuzi.

"Sisi tuliiomba Ijumaa, nyie mkaiomba tena Jumapili," akatania huku maji yanamtiririka ndevuni. "Mnashangaa nini ikizidi kipimo?"

Tukaokoa nusu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mvua ilipokatika, wakulima wale wale wakakanyaga udongo pamoja nasi, tukafyatua upya, na zahanati ikasimama kwa wakati.

Mpaka leo sijui ni sala ipi iliyosikiwa. Niliomba jua, nikaletewa kikongwe aliyelowa. Je, yule ndiye aliyekuwa jibu langu? Nikikubali, naona nimepunjwa. Nikikataa, naona nimekufuru.

Nisichotilia shaka ni hiki, mwanangu. Unapoombea kazi yako, tazama ni kazi ya nani itakayolowa sala yako ikijibiwa, kisha uende kwake kabla hajakuita. Jasho lako ni ibada. Na la jirani yako vilevile. Mungu aibariki mikono yako, isikose kazi, wala kazi yako isikose wa kuiombea.

Sasa nami nimepewa kuongoza sala ya wafanyakazi Jumapili ijayo. Mkulima wa Makuyuni anataka mvua. Mama mwanika muhogo anataka jua. Wote wamenijia mapema, kila mmoja anataka atangulie. Nishauri, nianze na nani? Na kama huna ushauri, njoo na turubai.