Kola ya Kwendea Ukweni

Juzi fundi wangu alinituma gamu dukani, Bariadi mjini, ile inayobandikwa kwa pasi ndani ya kola ili isimame. Muuzaji akaniuliza, "Laini au ngumu?" Mwenzangu, nilicheka peke yangu hadi akaniangalia kwa wasiwasi. Swali hilo lilinirudisha Sapiwi, barazani kwa bibi.

Bibi, mama yake mama, alikuwa fundi cherehani. Pamba ikishauzwa, baraza lilijaa watu. "Mwadila, mayu!" huku, "Mwadila!" kule, watu wanamwamkia mama fundi kwa Kisukuma, pasi inafuka moshi, na sisi wajukuu tunatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa. Bibi alipapasa gamu kwa kidole kutafuta upande wenye vipunje vya gundi, akaulaza juu ya kitambaa, akagandamiza pasi bila kuisugua. "Kitambaa chepesi, gamu nyepesi," alizoea kusema. "Ukimtwika mtoto gunia, usimlaumu akianguka."

Sasa mwaka mmoja mjomba, kitindamimba wake, alikuwa anakwenda kuposa binti wa kijiji cha Mwamapalala. Alimpenda yule binti mpaka chakula kikawa hakishuki. Akaleta kitambaa cheupe chepesi na gamu ngumu kabisa, ile ya mikanda. Bibi akakataa.

"Mayu, weka tu. Nataka nionekane mtu!"

Bibi akaweka. Alikuwa na dawa yake.

Asubuhi ya safari mjomba akavaa. Bibi akaketi kwenye kigoda, akajitanda khanga. "Mimi ndiye mama mkwe. Haya, niamkie." Kwetu anayeposa huinamisha kichwa. Ukimkazia mama mkwe macho, mke umeshamkosa. Mjomba akajaribu. Wee! Kola ilimkaba kidevu, shingo ikagoma. Akapinda kiuno, uso bado uko juu, macho kwa macho na mama mkwe! Jirani aliyefuata gauni lake alikaa chini kwa kicheko.

"Binti wa watu umeshamkosa," bibi akasema, "na hata nyumbani hujatoka."

Mjomba hakucheka. Machozi yalimlengalenga. Bibi akaingiwa na huruma, akafumua kola, akabandika gamu laini, na safari hiyo mjomba mwenyewe ndiye aliyepepea mkaa.

Jioni tulimsikia akiimba kabla hatujamwona. Wamekubali! Bibi alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika. Ukweni, tuliambiwa, walisifu sana adabu ya kijana. Nilifurahi siku ile utadhani nimeoa mimi.

Bibi ameshatangulia, na cherehani sijui iliishia kwa nani. Siku hizi mashati tunanunua yameshashonwa, na yanapendeza, siwezi kusema uongo. Mwaka jana mwanangu alikwenda ukweni na shati la dukani. Tulimzunguka, tukamsifu, tukampiga picha weee, tukapanda gari. Tulishafika mbali ndipo nikakumbuka kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia ainame tuone.