Maharage Yaliyovaa Sweta Langu

Chumba chetu cha kupanga mtaa wa Chanji kilikuwa na vitanda viwili, jiko la gesi la mtungi mdogo, na boksi la katoni lililonitia wivu mwaka mzima. Boksi lilikuwa la mwenzangu wa chumba. Yeye ni mtu wa Kabwe, ziwani. Mimi ni wa huku huku Ufipa, kwenye mahindi na ulezi, ambako maharage huinjikwa watu wakienda misa na wakirudi bado yanachemka. Sasa mwanachuo ana muda huo? Nilikuwa nashindia chapati na chai.

Yeye hapana. Analoweka maharage tangu jana yake, asubuhi anayachemsha dakika ishirini, anafunika sufuria, anaivika blanketi kuukuu na kuisokomeza kwenye boksi. Tunaenda darasani. Saa nane tukirudi yameiva, laini kabisa! Anakaanga kitunguu na nyanya, anatupia dagaa wa kwao kidogo, kazi imekwisha. Wasichana wa vyumba vya jirani wanafika na sahani mkononi. "Mambo, dada! Leo kuna nini?" Mimi hawaniulizi kitu. Baridi ya mwezi wa saba ilipokolea, akaniomba na sweta langu aongezee kwenye boksi. Nikampa. Maharage yakavaa vizuri kuliko mimi.

Hayo ningeyavumilia. Lakini siku moja mama yangu alikuja mjini, akala, akaongeza. Mama yangu haongezi chakula kwa mtu! Alipoelezwa yalivyopikwa akapiga makofi.

"Yaani hukai kwenye moshi? Nitarudi unifundishe, mwanangu."

Mwanangu! Nilitamani kulipiga teke lile boksi. Macho ya mama yanachuruzika machozi kwa moshi tangu nikiwa mdogo, na mimi ndiye binti yake, sikuwahi kumletea nafuu yoyote. Mtoto wa watu kaja na katoni, kanishinda.

Baada ya wiki mbili mama akarudi na mfuko wa maharage ya shambani kwetu, akalala hapo hapo kwetu. Asubuhi mwenzangu alimfundisha hatua kwa hatua, wakavika sufuria pamoja, kisha wakaenda sokoni kutafuta nyanya. Niliwasikia wakicheka mpaka barabarani.

Nikabaki na boksi. Sitajitetea. Nilivuta sweta langu nikalivaa, nikafunua blanketi, nikasogeza mfuniko kando. Mvuke ulipotoka roho yangu ikatulia, jamani, kwa raha mbaya. Nilitaka mama amwone huyo fundi wake akiumbuka. Sufuria ilipopoa nikarudisha mfuniko na blanketi, nikakaa na daftari langu.

Waliporudi saa nane, maharage yalikuwa magumu, hayatafuniki. Mwenzangu aliitazama sufuria, akanitazama mimi, akalitazama sweta mwilini mwangu. Nikangoja aseme. Hata kule kunyamaza kwake nilikuonea wivu.

Aliyesema ni mama. "Nisameheni, wanangu. Haya ni ya mwaka juzi, ndiyo maana hayaivi. Nimewaaibisha." Akala yale yale mpaka sahani ikaisha. Na mimi nikala.

Mwezi uliofuata akaja tena na fundo la kitambaa. Alilifungua taratibu juu ya kitanda changu. Maharage mazuri, ya saizi moja, yanang'aa.

"Haya yataiva," akasema. "Nimechota kwenye yale ya mbegu."

Mwenzangu alikuwa ameshanyoosha bakuli, akalirudisha chini. Kwetu mbegu hailiwi. Tumewahi kulala na uji mtupu huku mbegu ikining'inia juu ya moto, na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mama," nikasema, "ni mimi. Nilifunua sufuria mlipoenda sokoni. Maharage yako hayakuwa na kosa."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alikifunga kitambaa fundo la kwanza, fundo la pili, akakirudisha kwenye kikapu. Kisha akamgeukia mwenzangu.

"Yale ya zamani yamebaki?"

Yalibaki. Yakalowekwa siku hiyo hiyo. Kesho yake nilikaa darasani natetemeka, sweta langu likiwa kwenye boksi, na tuliporudi yalikuwa yameiva. Mama alicheka kama msichana.

Siku hizi ana boksi lake jikoni. Akikwama, maji yamezidi au baridi imekuwa kali, anapiga simu kwa mwenzangu. Namsikia mwenzangu akiwa kitandani kwake: "Shikamoo, mama! Eeh, ongeza blanketi moja," na wanacheka. Mimi nikimpigia, mama ananipokea vizuri, ananiuliza afya, ananiuliza masomo. Halafu anasema, "Haya, mpe mwenzio simu."