Safari ya Alief kwa Ajili ya Damu ya Mei

Nilipohamia Fort Worth, mgeni wa kila kitu, Mei ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barabara kuu. Alikaa kando yangu akicheka huku mimi nikitetemeka. Tulikuwa wauguzi wa wodi moja, mimi Mkisii, yeye Mchina. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, upasuaji wake wa mawe ya nyongo ulipoahirishwa tena, sikungoja kuombwa.

Kisa kilikuwa damu. Maabara walipoipima ilichelewa mno kuganda, na daktari wa upasuaji hakuthubutu kumpasua mtu ambaye huenda angevuja bila kukoma. Wakati huo maumivu yalikuwa yanamkunja Mei mpaka anashindwa kusimama. Bingwa wa damu wa Houston akataka kumpima pamoja na mama yake, kwa kuwa mambo haya hurithiwa. Mama aliishi Alief, mtaa wa huko huko Houston, na alikuwa amekataa katakata kutoa damu.

"Si mumpigie tu simu?" mume wangu aliniuliza nikipakia gari.

"Amepigiwa. Anakata. Wacha tu ni-drive, nitamuona uso kwa uso."

Tuliondoka Fort Worth asubuhi. Kusini mwa Dallas nchi ni tambarare, mashamba na vituo vya mafuta, kisha misonobari ikaanza na mvua ikatushika. Mei alilala akiwa ameubana ubavu wake. Njia nzima alikula biskuti kavu tu, maana mafuta yangemwamsha shetani wa nyongo.

Alief tulifika mchana. Duka la Wanaijeria limepakana na la mikate ya Kichina, na nyumba ya mama iko nyuma yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa macho makali. Alinitazama kutoka juu hadi chini, kisha akanipakulia supu ya kuku, tangawizi na tende nyekundu za Kichina.

Kwetu, mgeni anayebakiza chakula amemtukana mwenyeji. Nikamaliza. Akajaza. Nikamaliza tena, jasho likinitoka. Akajaza.

"Bakuli tupu maana yake bado una njaa," Mei akaniambia, akijizuia kucheka kwa sababu ya ubavu.

Mama alisema jambo refu. Mei akatafsiri: "Anasema damu ikishatoka hairudi haraka. Yeye ni mzee, hana ya kugawa."

"Muulize alipojifungua alivuja sana?"

Mei alisita. Hakuwa amewahi kumuuliza. Lakini mama, akiona ninakula vizuri, alifunguka: watoto aliwazaa nyumbani bila shida, na siku aliyong'olewa jino alikwenda sokoni moja kwa moja. Nikafurahi: kama Mei amerithi damu hiyo, huenda naye havuji.

"Mwambie hizo hadithi ndizo zinazoweza kumponya binti yake," nikasema. "Ila daktari anahitaji na mkono wake."

Mama aliivuta sufuria ya supu. Kisha akajipakulia bakuli lake mwenyewe, akalinywa lote.

"Anajitayarisha kutoa damu," Mei akaninong'oneza, machozi yakimlengalenga. "Kesho anakuja."

Kesho yake kliniki, mama alikunja mkono wa sweta bila kuambiwa. Daktari, naye Mchina, alitueleza kwa upole. Damu huganda kwa msaada wa protini nyingi, nazo zimepewa namba. Ile ya kumi na mbili ikipungua, damu huchelewa kuganda kwenye chupa ya maabara, lakini mwilini mtu havuji. Tofauti ya jeni inayoipunguza huonekana zaidi kwa watu wa Asia Mashariki, Wachina wakiwemo, kuliko kwa Wazungu. Alishuku ndiyo hiyo, ila alitaka vipimo viseme.

Tulirudi Fort Worth na kisanduku cha barafu kilichojaa supu ya mama. Wiki hiyo simu ikalia: mama na binti walikuwa sawasawa, ya kumi na mbili ilikuwa chini, nyingine zote nzima. Mei akapasuliwa.

Zamu yangu ilipoisha nilikwenda kitandani kwake nikamfunua shuka. Bandeji ilikuwa kavu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nikamshukuru yule mama ambaye mwili wake ulikuwa umebeba jibu miaka yote, bila mtu kumuuliza.

Aliporuhusiwa kwenda nyumbani nilimpashia moto supu ya mama, niliyokuwa nimeigandisha kwenye friji. Mei akainywa polepole, akanirudishia bakuli tupu.

Nikalijaza.