Safu ya Chini Kabisa

Desemba ilipoingia, Ineko Wagatsuma alianza kukwepa mtaa wa maduka. Huyu ni mjane wa miaka themanini na moja, mpishi mstaafu wa shule ya msingi hapa Yonezawa, mwanamke aliyekoroga masufuria ya kulisha shule nzima bila mkono kutetemeka. Sasa akawa anazunguka nyuma ya posta, theluji ikimfika magotini, ili tu asipite mbele ya duka la karatasi la Kimie. Na theluji ya kwetu haina adabu, haimpishi mzee. Lakini alizunguka hivyohivyo, akarudi nyumbani viatu vimelowa.

Kisa chenyewe ni shajara. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa inakwisha.

Ilikuwa shajara ya miaka kumi, zile tuzipendazo sisi. Kila ukurasa una tarehe moja tu, na chini ya tarehe hiyo zimepangwa safu kumi, kila mwaka na safu yake. Unaandika ya leo, na juu yake unasoma uliyoyaandika siku kama hii mwaka jana, na juu yake ya mwaka juzi, mpaka unafika kileleni. Nafasi ni finyu, haitaki domo. Unaandika hali ya hewa, ulichokula, na nani kapita. Ineko alishafika safu ya chini kabisa, na mwaka mzima mkono wake ulikuwa ukishukia hukohuko chini kila jioni akishaosha vyombo.

Basi si anunue nyingine? Hapo ndipo penye mfupa. Huko juu, katika safu nne za kwanza na kipande cha ile ya tano, alikuwemo mumewe. Seiroku alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma hariri, akafariki mwezi wa Aprili theluji ikiyeyuka, na toka hapo hakutajwa tena kama mtu anayekula na kukohoa. Kila jioni, kabla hajafungua kalamu, Ineko alisoma kuanzia juu. "Theluji. Baba Chiharu kapanda paani na koleo, kofia kaikataa." "Baridi kali. Baba Chiharu kala matufaha mawili usiku, nimemkanya." Ugomvi wa bure tu, lakini ndio uliobaki na utamu. Siku nyingine alimjibu kwa sauti, peke yake pale mezani, kwamba kofia si adui. Shajara mpya itakuwa nyeupe juu mpaka chini, na Baba Chiharu hatakuwemo. Hilo ndilo lililomla moyo, na hakumwambia mtu.

Binti yake Chiharu, anayeishi Sendai, alipiga simu na yeye akaja na lake. Alisema Mama asinunue tena ya miaka kumi. Wazee wenziwe siku hizi wananunua daftari la kuagia, lile lenye maua ya mcheri jaladani na maswali yaliyochapwa tayari ndani: unakunywa dawa gani, nani apigiwe simu, picha ipi isimamishwe mbele ya jeneza. Hakusema kwa ubaya. Alimzika baba yake pasipo kujua picha ya kuchagua, mwishowe ikasimamishwa ile ya kitambulisho cha kazi, mzee wa watu kakunja uso kama anayesubiri kukaripiwa. Chiharu hakuisahau aibu ile. Na kwa mambo ya kila siku, akasema, Mama achukue shajara ya mwaka mmoja tu, ikijaa atanunua nyingine.

Ineko aliitikia ndiyo, ndiyo, akaweka simu. Kisha akakaa. Ya mwaka mmoja. Mtoto aliyemzaa mwenyewe kampimia maisha kwa kibaba! Ilimuuma, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuona kosa katika hesabu ya mwanawe. Kununua miaka kumi katika umri ule alikuona ni tamaa, ni kama kujipakulia kabla wageni hawajala. Na akifa katikati, nani atakayefunua zile safu tupu ila huyohuyo Chiharu?

Siku aliyokwenda, alichagua theluji nzito kusudi, akitumaini atakuta duka limefungwa. Lilikuwa wazi. Kimie alikuwa amekaa karibu na jiko la mafuta, birika juu yake, miguu ndani ya soksi mbilimbili. Walisoma pamoja tangu wakiwa na vibwenzi, na wote wawili sasa ni wajane.

"Nimekuona ukipita nyuma ya posta," Kimie alisema. "Nikasema, leo nimeota upele."

Ineko akasema barabara ya mbele inateleza. Kimie akakubali kuwa inateleza, akaenda rafuni pasipo kuulizwa, akarudi na madaftari matatu: la kuagia, shajara ya mwaka mmoja, na ile nene ya miaka kumi. Akayapanga mezani, akaweka na karatasi za mfano za kila moja, maana alimjua mteja wake. Ineko hanunui karatasi kwa kuambiwa. Anatoa kalamu yake mwenyewe ya wino, anaandika, anageuza upande wa pili, anapitisha kidole, ndipo anasema ndiyo au hapana. Hata mchele shuleni aliukagua hivyo, na wauza mchele walikuwa wakimwogopa.

Alianza na ile ya mwaka mmoja, akiwa ameshakata shauri kuichukua. Aliandika neno "theluji." Wino ukatambaa pembeni, ukaota vinyweleo, na alipogeuza karatasi akaliona neno zima limetokea nyuma. Akaiweka kando. Akavuta ya daftari la kuagia. Karatasi yake ni nzito, inang'aa, ya gharama, imetengenezwa kwa ajili ya bolpeni za hospitali. Wino wake ulikaa juu kama maji juu ya sahani, haukauki, na alipougusa ukaburuzika na kidole. Pale pa kujaza jina la marehemu mtarajiwa pakabaki doa jeusi.

"Hili halinitaki," alisema.

"Wewe ndiye usiyelitaka," Kimie akamjibu.

Ya tatu aliigusa mwisho. Karatasi ya shajara ya miaka kumi sharti iwe nyembamba, la sivyo kitabu kitakuwa tofali. Lakini ile ilikuwa nyembamba yenye mfupa, ukiifunua inanong'ona. Kalamu ilipita bila kukwama na bila kuteleza. Wino ulitua pale ulipowekwa, ukakauka, na nyuma hapakuwa na kitu. Ineko aliinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha ahakikishe, na hapo ndipo alipoona alichokuwa ameandika. Mkono ulijiandikia wenyewe: "Theluji. Baba Chiharu."

Aliishusha karatasi taratibu.

"Humo hatakuwemo, Kimie."

Kimie hakuuliza nani. Alipunguza moto wa jiko, akaketi tena, akatazama soksi zake. Nje koleo la jirani lilikuwa likikwangua njia.

"Hatakuwemo," alikubali. "Wangu pia nilimwacha kwenye shajara ya zamani."

"Sasa unafanyaje?"

"Naandika. Siku nyingine namsema vibaya, maana hana pa kunijibia."

Walicheka kidogo, cheko la puani. Kisha Ineko alilia, na nisiseme alitokwa na chozi moja la heshima; alilia hasa, leso ikalowa, na Kimie akamwachia nafasi, akajifanya anatafuta karatasi ya kufungia. Alipomaliza alisema atachukua ile nene, lakini mwenziwe asimwelewe vibaya, ni kwa ajili ya ubora wa karatasi tu. Kimie akasema ndiyo, karatasi, akaifunga vizuri isiingie theluji.

Chiharu aliwasili mkesha wa mwaka mpya. Aliiona shajara juu ya meza ya joto, ile yenye blanketi na hita chini yake, akautazama unene wake. Alifungua begi lake, akatoa daftari la kuagia alilolinunua kwao Sendai, akaliweka kando ya ile shajara. Vitabu viwili hivyo vikakaa mezani kama wageni wasiosalimiana, na mama na binti wakala tambi zao za mwisho wa mwaka wakizungumzia bei ya figili.

Usiku huo Ineko alisoma ukurasa wa mwisho wa shajara ya zamani, kuanzia juu. Aliposhuka mpaka safu yake aliandika kwamba theluji imepungua na Chiharu kaja. Nafasi ikabaki, akaongeza, "Asante kwa yote." Akakifunga kitabu, akakiweka kwenye madhabahu ya nyumba, ile ya kuwakumbuka marehemu, pembeni ya picha ya Seiroku mwenye uso wa kitambulisho, akagonga kengele ndogo. Hakuna marefu yasiyo na ncha.

Asubuhi ya mwaka mpya Chiharu alipika supu ya mochi, zile keki za mchele zinazonata. Kila mwaka redio hutangaza wazee waliokabwa na mochi, na kila mwaka Chiharu husikiliza redio. Kwa hiyo alikata vipande vya kulishia vifaranga. Ineko aliona kadhalilishwa. Alisema meno anayo na koo analo. Chiharu akasema koo la marehemu wa redioni nalo lilikuwepo. Wakala, na supu, kusema kweli, ilikuwa tamu.

Vyombo vilipoondolewa, Ineko alivuta shajara mpya. Alifunua ukurasa wa kwanza, weupe ukampiga usoni, akaandika upesiupesi kama mtu anayemeza dawa chungu: "Theluji tangu alfajiri. Chiharu kakata mochi ndogo mno. Nimekula zote, hakuna iliyonikaba." Akapuliza wino. Kisha, kwa desturi yake, akainua macho asome ya mwaka jana.

Palikuwa peupe. Akapanda safu nyingine, peupe, na nyingine, mpaka juu. Alihesabu tisa, ndipo akasoma mwaka uliochapwa pembeni ya maandishi yake. Mazoea yana taabu. Mwaka mzima mkono ulikuwa ukishukia safu ya chini, na leo nao umeshuka hukohuko bila kuuliza mtu. Alikuwa ameandika siku ya mwaka mpya ya mwaka ambao, akiufikia, atakuwa na miaka tisini.

Alijiona kama mtu aliyefumaniwa na mkono katika chungu cha jirani. Wino haufutiki, na ule ulikuwa umeshika barabara, maana karatasi ni nzuri. Kuchana ukurasa ni kuchana siku hiyo kwa miaka yote kumi. Akafunika maandishi kwa mkono wa kimono.

Chiharu aliyaona hayo yote kutoka jikoni. Alikuja akifuta mikono, akauinua ule mkono wa mama yake polepole, akasoma. Alisoma mara ya pili. Ineko alingoja achekwe, au aambiwe kwamba akili zimeanza kupungua.

"Mama, hapa una miaka tisini."

"Nimeona."

"Na mochi haikukukaba."

"Ndivyo nilivyoandika."

Chiharu alikaa chini kwenye mkeka, kitambaa cha vyombo kikiwa bado mkononi. Uso ulikuwa umemvimba kwa kile alichokuwa akikizuia tangu Aprili ile, tangu picha ile.

"Basi ufike huko, Mama," alisema. "Nisije nikakata mochi za bure."

Ineko alimpigapiga goti, kama alivyokuwa akimpiga alipokuwa mtoto na homa. Baadaye, mambo yalipotulia, yeye mwenyewe alilivuta lile daftari la maua ya mcheri, akamwambia Chiharu aandike yeye, kwa bolpeni yake, kwani karatasi hiyo wino wa watu haiujui. Alijibu maswali yote bila ukali. Dawa ni hizi. Apigiwe simu Kimie kabla ya ndugu. Picha iwe ile ya harusi ya Chiharu, ambamo yeye Ineko kavaa kimono cheusi. Baba Chiharu kasimama kando yake, na wasimkate, watu wamwone akiwa anacheka.

Walifika penye swali la vitu vya kuwekwa ndani ya jeneza, maana kwetu maiti huchomwa pamoja na jeneza lake.

"Shajara ya zamani," Ineko alisema. "Niwekeeni kifuani, nichomwe nayo."

Chiharu aliandika. Kisha akanyooshea kalamu kile kitabu kinene. "Na hii mpya?"

"Hiyo iacheni. Haijajaa."

Chiharu akaandika hivyohivyo, neno kwa neno, akalifunga daftari na kulirudisha begini. Aliuliza kama supu iliyobaki aipashe moto. Ineko akasema aipashe. Halafu akavuta shajara mpya, akakipandisha kidole safu kwa safu mpaka ile ya juu kabisa, akakibana hapo mkono usimponyoke tena, akaandika: "Theluji. Nimekosea safu. Chiharu yupo."