Sisimizi wa Kitalu

Mwaka wangu wa kwanza Kericho nilipewa kazi ya kumwagilia kitalu cha miche ya chai. Nilitoka pande za ziwani, na kule juu sikumwamini mtu, hasa mzee mmoja Mkipsigis aliyepita kando ya kitalu kila asubuhi, akipeleka mbuzi wake mtoni kulamba udongo wa chumvi. Ardhi ile ilikuwa malisho yao kabla ya chai. Nikajiambia, mtu kama huyu hawezi kututakia mema.

Majani yalipoanza kuliwa kingo, sikutafuta mshukiwa mwingine. Juu ya miche niliona sisimizi tu, weusi, wadogo kuliko punje ya wimbi. Mwenzangu alipotaka kuwamwagia majivu nilimgombeza. Kwetu sisimizi hula wadudu waharibifu, kwa hiyo niliwahesabu kuwa walinzi wangu.

Nikamshtaki mzee kwa nyapara kwamba mbuzi wake wanakula miche. Alipoitwa alishangaa sana.

"Mbusi yangu ikikula, inamalisa mti yote," alisema. "Hii imekulwa kitogo kitogo. Wewe kijana, angalia hiyo majani fisuri."

Nikamwona mjanja. Nyapara akaziba njia kwa miiba, na tangu siku hiyo mzee akawa anazunguka kilima kizima, mbuzi wenye mimba wakijikokota nyuma yake.

Majani yakaendelea kuliwa. Asubuhi moja nilichutama kwenye kitalu nikitafuta mwizi mwingine, nikaona sisimizi mmoja ametulia ukingoni mwa jani, anatafuna. Nilipomgusa alijidondosha, miguu ameikunja. Nikamwokota. Mgongo wake ulikuwa gamba gumu. Likapasuka katikati, mbawa zikatoka, akaruka. Sisimizi gani huyo? Ndipo nikakumbuka kwamba sikuwahi hata siku moja kuwaona wakienda kwa mstari.

Niliona aibu. Nilimwambia nyapara habari za wale wadudu, tukamwaga majivu. Habari za mzee sikuzitaja, kwa kuwa niliogopa kufukuzwa kazi. Miiba ikabaki pale pale.

Baadaye nilikutana na mzee juu ya kilima. Nikamwamkia. Aliwaita mbuzi wake karibu, akawahesabu mmoja mmoja, huku akiitazama mikono yangu.