Visu vya Kundaeli

Kwa miaka kumi na tisa Kundaeli alichemsha visu vya hospitali yetu ndogo huku mlimani, akimkabidhi daktari kimoja kimoja. Tulipasua mara mbili tu kwa mwaka, na wengi wa tuliowapasua tuliwazika migombani. Kwa hiyo alikuwa akimnong'oneza kila mgonjwa: "Shuka Moshi mjini. Kule wanapasua kila siku, mikono haisahau."

Masika ya mwaka 1951 ngiri ilimbana yeye mwenyewe, na mafuriko yalikuwa yamesomba daraja la kushukia Moshi. Tukamlaza mezani. Daktari alikuwa mtu mwema, lakini wema haushoni tumbo! Alivitazama visu nilivyompangia, jasho likimtiririka, kisha akamwinamia mgonjwa.

"Kundaeli, huwa unanipa kipi kwanza?"